Gari Lisilolala Njiani

Katika yadi moja ya malori kule Masoro, jijini Kigali, kulikuwa na msemo ambao haukuandikwa ukutani, lakini kila dereva aliujua: gari likilala njiani, dereva atalala nyumbani. Maana yake haikufichika. Ukiharibikiwa huko porini Tanzania, ukapiga simu ofisini wakutumie fundi, gari lingevutwa, lingetengenezwa, na lingerudi barabarani na dereva mwingine. Wewe ungekaa nyumbani hadi wakukumbuke, na kampuni ile ilikuwa na usahaulifu mwingi.

Ndiyo maana Mzee Haruna Sibomana aliheshimiwa pale kama sheikh. Miaka yote aliyokwenda Dar es Salaam na kurudi, lori lake halikuwahi kulala njiani. Malori ya wenzake yalifia Singida, yakafia Nzega, mengine yakafia hapo hapo Kanombe, mbele ya macho ya watu wanaokwenda kupanda ndege. La Haruna liliingia getini siku liliyotarajiwa, tena limeoshwa. Vijana walimtania kwamba amelisomea dua kwao Biryogo. Yeye alicheka tu, akasema gari ni kama mke: ukilisikiliza, halikuaibishi mbele za watu.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, akaomba kupumzika. Akaulizwa lori apewe nani. Akasema, Scovia.

Scovia alikuwa dereva wa lori dogo la kusambaza unga madukani. Alilelewa Mbarara, Uganda, na utotoni alikuwa akisimama kando ya barabara baada ya shule, akiyapungia mkono malori yanayokwenda Rwanda, nchi ambayo wazazi wake waliitaja kila siku na yeye hajaiona. Dereva akimjibu kwa honi, siku hiyo hata chakula hakikuwa na maana tena. Sasa aliishi Ndera na mama yake, na kila alipopishana na malori makubwa alijiambia kwamba iko siku honi hiyo ataipiga yeye. Katika kampuni ile hakuna mwanamke aliyewahi kukabidhiwa trela. Habari ilipotoka, madereva waliguna. Shema, kijana mwenye ulimi mwepesi, aliuliza mbele ya watu kama sasa trela nalo litasukwa nywele. Haruna akamjibu kwamba wa kusukwa kwanza ni yeye Shema, asukwe akili, na mambo yakaishia kwenye kicheko.

Madamu Ingrid, msimamizi wa magari, alikubali kwa sharti. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda haki, na haki aliitafuta kwenye kompyuta yake, ambamo kila lori lilikuwa na historia: limeharibika wapi, mikononi mwa nani. Malori yenye historia mbaya yalipelekwa karakana, yakafunguliwa hadi mifupa. Yenye historia njema yaliachwa yafanye kazi. La Haruna ndilo lililokuwa na historia njema kuliko yote, na kwa sababu hiyo hiyo ndilo ambalo halikuwahi kufunguliwa. Ingrid alimwambia Scovia kwamba anampa gari bora la kampuni, asije mtu akasema mwanamke kategewa. Safari ya kwanza ingekuwa ya majaribio. Lisilale tu, akasema, nami nitakuandika dereva wa trela.

Siku ya makabidhiano Haruna alimpa ufunguo, kabari za mti za kuzuia magurudumu, na mfuko wa spana. Scovia alipoupokea mfuko ule, mkono ulishuka hadi gotini. Akacheka, akauliza gari lisiloharibika lina haja gani na vyuma vyote hivi.

"Mwavuli hubebwa hata siku ya jua, binti yangu," Haruna akasema.

Spana zenyewe zilikuwa zimelika, zimelainika kama vijiko vya nyumba yenye wageni wengi. Scovia aliliona hilo, akalipita, kama tunavyopita mambo mengi ya watu tunaowapenda.

Kwenda Dar es Salaam kulikuwa shwari, kwa kuwa mzigo ulikuwa mwepesi. Wakati wa kurudi, akiwa na shehena ya vigae vya sakafu, alianza kuhisi trela likimsukuma mgongoni kila mteremko, kama mtu mwenye haraka kwenye foleni. Akapunguza mwendo, akatumia gia nzito. Aliulaumu mzigo, halafu akajilaumu mwenyewe. Gari la Mzee Haruna lingekuwaje na kasoro? Kasoro lazima iwe ya mguu wake. Akavuka mpaka wa Rusumo, akapita Rwamagana, na alipofika Nyagasambu alimpigia mama yake simu amwambie aweke chai jikoni.

Kutoka Nyagasambu barabara inateremka hadi bonde la Rugende, halafu inapanda kuelekea Kabuga, na hapo uko Kigali. Katikati ya mteremko Scovia alikanyaga breki, na breki haikushika. Akakanyaga tena. Moshi ulipanda kwenye kioo cha pembeni, pamoja na harufu ya kitu kinachoungua. Mbele yake kulikuwa na wanaume wanaosukuma baiskeli za ndizi, na nyuma yao watoto wa shule, mstari mrefu wa sare za buluu kando ya lami. Akashusha gia hadi injini ikalia, akashika honi na hakuiachia. Baiskeli zikarukia mtaroni, ndizi zikamwagika. Lori likapita bondeni kama jiwe lililotupwa, likaanza kupanda upande wa pili, likachoka, likasimama.

Aliruka chini na kabari, akazisukuma nyuma ya magurudumu, akaongeza na mawe. Kisha akakata matawi, akayatandaza barabarani nyuma ya gari, kama madereva wafanyavyo kuwaonya wengine. Kule nyuma mtoto mmoja alikuwa bado anampungia mkono, akidhani honi ile ilikuwa yake.

Alipoingia chini ya trela ndipo alipoona. Kwenye magurudumu ya nyuma kabisa, mabomba ya upepo yanayokwenda kwenye breki yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kwa kanda za mpira wa ndani wa tairi, zimekazwa vizuri, kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Mafundo yalikuwa na vumbi na grisi ya miaka. Breki za magurudumu yale zilikuwa zimekufa zamani. Bomba likizibwa hivyo, upepo hauvuji, na gari linaendelea kwa breki zilizobaki. Zilizobaki nazo zilikuwa zimebeba kazi ya zilizokufa, hadi leo ziliposhindwa.

Alipaswa kuipigia ofisi. Alimpigia Haruna.

Mzee alifika kwa pikipiki, kofia yake nyeupe chini ya helmeti ya abiria. Jambo la kwanza aliuliza kama Scovia amekwisha kumwambia Ingrid. Aliposikia bado, alimshukuru Mungu, akaingiza mkono kwenye koti na kutoa ukanda mpya wa mpira, umekunjwa nadhifu kama tasbihi.

Akamweleza bila kupandisha sauti. Mwaka wake wa kwanza, kabla hajapewa lori hili, aliharibikiwa Nzega, akaripoti kama muungwana. Akaegeshwa nyumbani hadi wanawe wakafukuzwa shule. Tangu siku hiyo, breki iliyopasuka aliiziba, springi iliyovunjika aliifunga kwa kamba na mti, na alitembea mchana na usiku kufidia muda alioupoteza chini ya gari. Si yeye peke yake, akasema, yadi nzima inatembea hivyo. Yeye aliwashinda kwa ustadi tu.

"Ziache zipoe," akasema. "Tufunge na bomba hili moja linalovuja, upande taratibu. Masoro ni hapo. Jioni umeandikwa dereva."

"Kabla ya Masoro kuna soko la Kabuga, Mzee."

"Nimelipita miaka yote."

"Na wale watoto?" Scovia akaonyesha kwa kidevu zile sare za buluu zilizokuwa zikikusanya ndizi za watu mtaroni.

Haruna aliwatazama. "Wangu walisoma kwa gari hili," akasema.

Scovia akatoka pembeni, akampigia Ingrid. Alisema lori limelala, breki hazipo, atume gari la kuvuta. Sauti ya upande wa pili ikasema sawa. Akasogea mbali zaidi kuongeza matawi, kwa sababu magari yalikuwa yakiteremka kwa kasi. Aliporudi, alimkuta Haruna anatambaa kutoka chini ya trela, kofia imeingia grisi, kisu kidogo mkononi. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna, na kipande cheusi cha mpira kilichungulia. Mabomba yalikuwa yamenyooshwa. Hakukuwa na fundo hata moja.

"Nimekufungulia," mzee akasema, akijipangusa magoti. "Fundi apate wepesi."

Simu ilikuwa mkononi mwa Scovia tangu mwanzo. Haikumjia kupiga picha, kwa kuwa mtu hapigi picha aibu ya baba yake.

Gari la kuvuta lilipofika, alibaki nyuma kuondoa mawe na matawi barabarani, jiwe moja moja, huku jamaa wa gari hilo wakimpigia kelele kwamba wengine huyaacha tu.

Fundi wa kampuni alisema mipira ya ndani ya breki za nyuma imepasuka. Alipoulizwa ni lini, alisema inaweza kuwa ya zamani, inaweza kuwa ya jana kwa lile joto. Scovia alimweleza Ingrid habari za kanda, mafundo, na grisi. Ingrid alisikiliza yote, hakumkatiza. Kisha, kwa kuwa alipenda haki, akamwita Haruna, akamweka kwenye kiti kando ya Scovia, akamuuliza gari alilikabidhi likiwa katika hali gani.

"Zima," Haruna akasema, akitazama dirishani.

Na kanda za mpira? Hakuzijua. Binti ana mguu mzito kwenye breki, akasema, na mlima unataka gia. Kisha akageuka kidogo, kama mtu aliyekumbuka adabu. "Lakini msimwonee. Ni mgeni wa kazi, atajifunza."

Huruma ile ndiyo iliyommaliza Scovia. Uongo angeweza kuujibu.

Ingrid alimgeuzia kompyuta aone mwenyewe. Miaka ya Haruna ilikuwa myeupe kuanzia juu hadi chini, na mwisho kabisa kulikuwa na mstari mmoja mwekundu, wenye jina la Scovia. "Wihangane, Scovia," akasema kwa Kinyarwanda, neno la kumwambia mfiwa avumilie. "Ninaweza kuhukumu ninachokiona tu." Lile lori dogo la unga lilikuwa limekwisha kupata dereva mwingine.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Breki zilizopasuka zilibadilishwa. Fundi aliomba afungue na magurudumu mengine, akaambiwa mzigo unasubiri, na gari lenyewe historia yake ni njema. Likapewa Shema.

Shema aliondoka siku ile ile ambayo kampuni ilikuwa ikimuaga Haruna. Hema lilipigwa kando ya ghala, watu wakakaa kwenye viti vya plastiki na Fanta zao, hotuba zikafuatana. Haruna alipewa ngao ya kioo yenye maneno ya kumsifu dereva ambaye gari lake halikuwahi kulala njiani. Alilia, na hakuwa akiigiza. Scovia hakukaa hemani. Alikuja kurudisha mfuko wa spana.

Shema aliupokea bila utani, na kwa Shema hilo lilikuwa jambo. Scovia akamwambia taratibu alichokiona Rugende, akamwomba alale chini ya trela kabla hajaondoka, atazame kila gurudumu, na kama kuna bomba lililofungwa aende akaseme, hata akiwa peke yake. Wakisema wawili, akamwambia, Ingrid atasikia. Ni mtu anayesikia.

Shema alitazama huku na huku. "Dada, mimi iko na watoto wawili, na wa tatu iko njiani," akasema. "Nikisema, nitakaa na wewe pale nyumbani tunywe chai?"

Alipanda, akawasha injini. Scovia akabaki amesimama kwenye moshi wake.

Haruna alitoka hemani akiwa na ngao kwapani na chupa ya Fanta iliyofunguliwa. Akampa ile chupa kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni wa heshima, na kwa mara ya kwanza tangu Rugende akamtazama usoni. Alisema atamtafutia kazi, ana jamaa zake wana duka la vitambaa Nyamirambo, watu wazuri, wasio na maneno. Scovia aliishika chupa, hakunywa.

"Zile kanda, Mzee," akauliza. "Ulizitupa wapi?"

Haruna alifikiri, kana kwamba swali lilikuwa la kawaida kabisa, la mtu anayeulizia jembe.

"Mpira mzuri hautupwi, binti yangu," akasema. "Nimempa Shema."

Lori lilikuwa limefika getini. Shema akapiga honi ndefu kumuaga mzee, na hema zima likashangilia. Mkono wa Scovia ulianza kuinuka wenyewe, kama zamani kando ya barabara ya Mbarara. Akaurudisha chini.