Mama Asiyenunua Makala

Berthe alipiga magoti penye lango la depo, ghala la kuuzia makala, yaani makaa ya kupikia, akaanza kukusanya vumbi lake kwa manyoya ya kuku. Alifagia polepole kutoka pembeni kuelekea katikati, upepo usije ukamnyang'anya. Vipande vikubwa vilikuwa vya wateja. Yeye alichukua kilichobaki chini baada ya magunia kuondolewa, unga mweusi ambao hakuna aliyewahi kuutaka.

"Chukua yote," alisema Mama Annette, mwenye depo. "Inanichafulia fasi."

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya kikabila. Makala yaliingia Bunia kutoka upande wa Irumu juu ya lori moja tu, likisindikizwa na watu wenye bunduki, na kila gunia lilipanda bei kabla halijashushwa. Mji ulikuwa umefurika watu waliokimbia vijiji vya Djugu, wakilala watatu na wanne kwenye mkeka mmoja. Mume wa Berthe, Louis, dereva wa lori, aliondoka kwenda Nia-Nia siku nne kabla ya barabara kufungwa. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja sasa tangu aondoke. Hakuna aliyeleta habari zake, wala maiti yake. Berthe alijifunza kuishi bila kununua.

Vumbi alilichanganya na udongo wa mfinyanzi na uji wa maganda ya muhogo, akafinyanga madonge ya ukubwa wa ngumi, akayaanika juu ya bati. Madonge mawili ndani ya mbabula, jiko lake dogo, yaliivisha maharagi tangu asubuhi mpaka saa sita, bila moshi. Maharagi yenyewe yalitoka nyuma ya nyumba. Huko aliotesha pia majani ya mboga ya lengalenga, akiyanywesha maji ambayo yalikuwa yameshafua nguo. Mvua ilishuka kutoka kwenye paa mpaka ndani ya pipa. Binti yake Ketsia, mwenye miaka tisa, hakulala njaa hata siku moja.

Majirani waliona. Wanawake watatu walikuja kujifunza, wa kwanza wao Martine wa nyumba ya pili, ambaye mtoto wake alikuwa akiharisha kwa sababu hakukuwa na cha kuchemshia maji. Martine alipofinyanga donge lake la kwanza likakauka bila kupasuka, alimkumbatia Berthe kwa mikono iliyojaa tope jeusi, wakacheka mpaka Ketsia akatoka nje kutazama, kisha wakala maharagi pamoja.

Wiki mbili baadaye Ambroise, shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa wao, alisimama uani.

"Siku tatu napita hapa, Mama Berthe. Sioni moshi."

"Tunapika, Papa. Hii makala ya kutengeneza haitoe moshi."

Ambroise alifunua chungu mwenyewe, hakuomba ruhusa. "Maharagi. Njo ya wapi?"

"Ya nyuma ya nyumba. Ukuje uone."

Akamwonyesha kila kitu: bati, pipa, matuta, shimo la takataka zilizogeuka mbolea. Ambroise alitikisa kichwa kuitikia, akaendelea kukitikisa hata pale ambapo Berthe hakuwa akisema neno.

"Makala haununue. Maji haununue. Mboga haununue. Mutu mwenye hanunue kitu, nani anamulisha?"

"Mikono yangu, Papa."

"Na weye ni mutu wa wapi, kweli?"

Mwaka ule swali hilo lilikuwa limeua watu mchana, njiani, wakiwa wamebeba vikapu vyao. Berthe alifuta mikono kwenye kitenge.

"Mahagi."

"Mahagi." Ambroise alilitamka polepole. "Kwa hiyo hauko wa huku, hauko wa kule."

"Niko wa hapa. Miaka kumi na mbili kwa avenyu hii."

"Njo vile wote wanasema."

Jumatatu, Mama Annette aliuzuia mfuko wa Berthe kwa mguu. "Vumbi iko na mwenyewe sasa."

"Mwenyewe ni nani?"

Annette alimtupia jicho mtu mwenye bunduki aliyekaa kivulini akimenya muwa. "Usiniulize, mama yangu."

Berthe alirudi nyumbani akifikiria ni nani aliyefungua mdomo. Annette, aliyeona magunia yakikaa siku nyingi zaidi bila kununuliwa? Mmoja wa wale wanawake watatu? Martine? Jioni hiyo Martine alimsalimu akiwa bado anatembea, hakusimama. Labda alikuwa na haraka. Labda na yeye alikuwa akijiuliza. Nyuma ya ua wa matete mtu alikohoa, na Berthe akajikuta anateremsha sauti akimwambia mtoto akaoge.

Kesho yake aliwasha moto wa kuni mbichi na majani katikati ya ua. Moshi ulipokuwa mdogo, aliingia ndani, akatoka na kandambili kuukuu za Louis, akazitupa humo. Moshi mweusi ukapanda juu ya paa.

"Mama, juu ya nini unachoma viatu vya papa?" Ketsia aliuliza, machozi yakimtoka.

"Juu waone siye ni kama wao."

Walikuja Alhamisi, saa sita mchana: Ambroise, vijana wawili wenye bunduki, na mtu waliyemwita Komanda Xavier, aliyevaa koti la mvua la manjano ingawa jua lilikuwa kali. Kijana mmoja alinyoosha kidole kuelekea madonge juu ya bati.

"Komanda, baruti."

"Ni makala," Berthe alisema. "Niwashe muone."

Aliwasha donge moja. Vijana walirudi nyuma hatua tatu. Donge likashika taratibu, likawa jekundu, likabaki hivyo. Xavier alisogea, akanyoosha kiganja juu yake. Alikitoa, akakirudisha.

"Inakaa saa ngapi?"

"Mbili zinatosha kutoka asubuhi mpaka midi."

"Nani mwingine anajua kutengeneza?"

Berthe alitazama chini. Ua wa Martine ulikuwa kimya. Martine alikuwa sokoni tangu alfajiri, pamoja na mtoto wake.

"Miye peke yangu."

Xavier alitikisa kidole, na vijana wakaenda nyuma ya nyumba kutafuta silaha. Waling'oa maharagi, wakapindua matuta, wakachimba shimo la mbolea mpaka chini. Walipata minyoo. Mmoja alirudi amekasirika, akampiga Berthe kitako cha bunduki begani. Ketsia alipiga kelele.

"Nani mwingine?" Xavier aliuliza tena, bila kupandisha sauti.

"Peke yangu, komanda."

Ambroise akasafisha koo. "Hiyo muniachie miye. Kila mwenye hanunue, miye namujua."

Asubuhi iliyofuata walimchukua Berthe. Aliwahi kumkabidhi Ketsia kwa bibi mmoja wa kanisani. Nyuma ya depo, ndani ya ua wa matofali, kulikuwa na marundo ya vumbi, udongo, na mabeseni. Aliambiwa afinyange mpaka jua lizame. Alipouliza malipo, kijana wa langoni alimjibu kwamba hii ilikuwa kazi ya usalama wa mji. Madonge yaliyokauka yalipelekwa mbele, Mama Annette akayapanga mafungu mafungu, na watu wakaanza kuyanunua.

Siku ya tano lango lilifunguliwa wakasukumwa ndani wale wanawake watatu aliowafundisha. Wa mwisho alikuwa Martine, mdomo umevimba, kanga yake imefungwa upande mmoja tu.

Berthe aliinuka. "Martine. Haiko miye. Naapa, haiko—"

"Kimya kule!" kijana alifoka.

Martine alimtazama: mikono yake, beseni lake, bega ambalo uvimbe wake ulifichwa na nguo. 

"Nilikula kwako," alisema kwa sauti ndogo.

Berthe alifungua kinywa. Kijana alipiga hatua kuelekea kwake, naye Berthe akakifunga.

Martine akainama, akachukua beseni, akavuka nalo ua wote mpaka kwenye ukuta wa mbali ambako hapakuwa na kivuli. Wale wawili wakamfuata. Walipiga magoti huko, migongo yao yote mitatu ikiwa upande wa Berthe, wakaanza kukanda.