Ukoko wa Jibini

Jumapili ile ya Januari 1986 Kasiani aliamka amenuna. Binti yake Winifrida alitaka kuolewa na Reto, kijana wa Kiswisi aliyeishi Sundbyberg, na mama yake Reto alikuwa anakuja nyumbani kwao Hallunda, huko huko Uswidi, kuwapikia jibini la kuyeyusha. Kasiani aliwahi kuiona sufuria ya namna hiyo katika mgahawa mmoja wa bei mbaya mjini, watu na tai zao wakichovya mkate kwa uma mrefu.

"Watu wa fahari hao," alimwambia mkewe, Adelina. "Watatudharau sisi wa Rombo. Leo sitoi jibu."

Adelina naye akapata lake. Mama Reto alipofika na mwanawe, alitoa kwenye kikapu jibini gumu na mkate uliokauka kama gogo. Kiporo! Tena ugenini! Adelina aliona aibu kwa niaba yake. Mgeni alipogeukia jiko, akauficha mkate ule kabatini, akakata mwingine laini wa asubuhi hiyo hiyo.

Mezani wakachovya. Mkate laini ukameguka wote, ukazama. Kasiani akainua uma mtupu, uso umemkunjamana.

"Mkate wangu uko wapi?" Mama Reto aliuliza kwa Kiswidi.

Adelina akaenda kuutoa, macho chini. Mama Reto alicheka mpaka akafuta machozi.

"Jamani, hiki ni chakula cha wachunga ng'ombe! Kwetu milimani theluji ikifunga njia, tulibaki na mkate mkavu na jibini lisilotafunika. Mama aliliyeyusha ili tupate kushiba. Watu wa migahawani wamejua juzi tu."

Mkate mkavu ulishika vizuri. Kasiani alichovya, akachovya tena, na mnuno wote ukamwisha bila mwenyewe kutaka. Sufuria ilipokwisha, Mama Reto alikwangua ukoko wa jibini, akamwekea kwenye sahani.

"Huu tuliugombania tukiwa watoto," alisema.

Kasiani aliutazama. Yeye na kaka zake walipigana ngumi kwa ajili ya ukoko wa ugali. Winifrida aliweka uma chini, akamtazama. Baba yake akaumega ukoko katikati, nusu akamsogezea Reto.

"Kula, mwanangu," alisema. "Kwetu mgeni hapewi ukoko."