Mbuzi wa Shukrani

Bruno alimlisha mama yake nyama ambayo mama huyo asingeigusa kama angejua imechinjwa na nani. Mama hakuwa na macho ya kuona. Alimwuliza mwanawe, na mwanawe akamdanganya. Habari yote ndiyo hiyo. Kilichobaki ni kueleza jinsi mtu mzima, mkulima wa kijiji cha Wamaza, mwenye mjukuu na mwenye akili zake, alivyoweza kufanya jambo kama lile akiwa anamsifu Mungu.

Mama yake, Subira, alizaliwa Kasongo kwenye nyumba ya Waislamu. Mume wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa hapo mjini, na Subira akamzalia Kasimu. Mume huyo alipokufa, akaolewa na mkulima Mkristo wa Wamaza, akamzalia Bruno. Watu walinong'ona, wakachoka, wakaacha. Subira hakubadili dini. Mume alikwenda kanisani, mke alitandika mkeka wake nyuma ya jiko, na jioni walikula sahani moja.

Sahani moja iliwezekana kwa sababu ya Yakubu. Yakubu alikuwa jirani, Muislamu, mkulima wa mpunga kama wengine. Kila kuku na kila mbuzi wa nyumba ile alichinjwa na Yakubu, naye alipewa shingo ya mnyama kwa kazi yake. Na si nyumba ile tu. Huko ndivyo watu wanavyoishi. Mkristo akiwa na sherehe humpa Muislamu kisu, ili sufuria iwe moja na asiwepo mgeni wa kukaa pembeni akitafuna ndizi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Watoto huikuta.

Baba alipokufa, na macho ya Subira yakaanza kufunikwa na utando mweupe, Bruno alimjengea kachumba uani. Miaka kumi na mmoja alikaa humo. Na miaka hiyo yote Yakubu alikuja na kisu chake.

Sasa Esther-Divine, binti mkubwa wa Bruno, alikuwa amezika watoto wawili, wote kabla hawajafikisha wiki. Mimba ya tatu ilipomsumbua, Kasimu alikuja mwenyewe na pikipiki kutoka Kasongo, akampakia, akampeleka hospitali akienda polepole kwenye matope siku nzima. Mtoto alizaliwa mzima. Wakamwita Ismaël, jina ambalo Subira alilipenda na kanisa halikulikataa. Usiku wa kwanza wa habari hiyo Bruno aliweka nadhiri: mtoto akifikisha miezi mitatu, nitafanya sherehe, na Mungu ndiye atakuwa mgeni wangu wa kwanza.

Miezi mitatu ilifika. Jumapili ile shemasi Jean-Pierre alihubiri maneno makali. Alisema watu wa Wamaza humwita Mungu kwenye homa na kwenye msiba, lakini siku ya furaha humfungia nje na kuita pombe na ngoma. "Mgeni gani huyo," aliuliza, "unayemwita kuchimba kaburi tu?"

Maneno hayo yalimwingia Bruno kama mwiba. Baada ya ibada akamfuata.

"Shemasi, mimi niko na mbuzi wa nadhiri. Yakubu ndiye anatuchinjiaga."

Jean-Pierre alimtazama. "Nadhiri uliweka kwa nani?"

"Kwa Mungu, kwa jina la Yesu."

"Basi unaniuliza nini? Mwanzo wa sherehe ni kisu. Ukimkaribisha Mungu kwenye wali, na kwenye kisu umemwacha mlangoni, umemkaribisha wapi?"

Bruno alirudi nyumbani akiwa ameamua. Mkewe, Marguerite, alikuwa anapepeta mchele. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka ungo chini.

"Sawa, baba Esther. Chinja. Lakini umwambie mama, na umwambie yaya Kasimu, kaka yako. Tuwapikie samaki."

"Nikiwaambia, sherehe itakuwa mbili. Wale huku na samaki, hawa huku na nyama. Hiyo ni shukrani gani?"

"Itakuwa sherehe ya kweli."

"Mungu atafunika. Nimemwomba. Atafunika, na wote watakula chungu kimoja."

"Mungu si kifuniko cha sufuria," Marguerite alisema, akaendelea kupepeta.

Aliyoyasema mke yalikuwa ya haki, na Bruno aliyajua ni ya haki. Lakini mtu akishaamini kwamba Mungu yuko upande wake, hata ukweli wa mke huuona kama majaribu. Kwa hiyo siku ya sherehe aliamka jogoo wa kwanza, akamfunga mbuzi kamba mdomoni asilie, akampeleka nyuma ya migomba. Alipiga magoti, akaomba kwa jina la Yesu, akachinja. Jua lilipotoka nyama ilikuwa tayari imekatwakatwa.

Watu walijaa. Walitoka kanisani wakiimba, mtoto yuko mbele, mama yake analia na kucheka. Kasimu alifika kutoka Kasongo kwa kuchelewa, amejaa vumbi, pamoja na mkewe Djamila. Akamkumbatia mdogo wake.

"Bruno, njia yenu hii inatafuta kuniua. Mwaka ujao hamieni mjini, au mimi nife."

"Ukifa tutakula pikipiki yako, yaya."

"Iko na mifupa mingi."

Wakacheka. Shemasi akaomba. Bruno mwenyewe alichukua sahani ya mama yake, akaijaza wali, mboga ya sombe na vipande vitatu vya maini, kwa kuwa meno yake yalikuwa machache. Akampelekea kwenye mkeka.

Kipofu huona kwa masikio. Subira alishika sahani, hakula.

"Mutoto wangu, leo sikusikia sauti ya Yakubu."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Bruno angeweza kusema. Samaki hawakuwepo, lakini mayai yalikuwepo, na mama yake alikuwa mtu wa kuridhika na kidogo. Esther-Divine alikuwa anaimba, Kasimu alikuwa ameshaosha mikono, na Bruno aliona chungu kimoja alichokiomba kikiwa mbele yake.

"Alipita mapema, mama. Ulikuwa bado umelala."

"Bismillahi," alisema Subira, akala. Alisema maini ni laini. Kasimu akala. Djamila akala.

Yakubu alikuja mchana ukiwa umekomaa. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, akiwa ameona aibu kidogo.

"Papa Bruno, unisamehe. Nilisubiri mutu wa kuniita, nikasema labda mbuzi imechelewa. Nikaona nije mwenyewe."

Kasimu alikuwa na kipande mkononi. Alikitazama. Kisha akakiweka kwenye sahani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Yakubu, hukuchinja wewe?"

"Mimi? Leo sikushika mnyama."

Bruno akasimama, akaanza kusema haraka kwamba jina la Mungu lilitajwa, kwamba Mungu ni mmoja, kwamba mbuzi alikuwa wa nadhiri, kwamba hata Ibrahimu alichinja bila kuita jirani.

"Kama ni halali hivyo," Yakubu aliuliza, naye hakupaza sauti, "ulimchinja saa ngapi?"

Bruno alitazama kule migombani.

"Mimi niko hapo nyuma ya ua. Naamka kuswali. Mbuzi analia akifa, hata wa Mkristo. Huyu ulimfunga mdomo."

Kasimu alinawa mikono mara mbili. "Mimi kula bila kujua si dhambi yangu," alisema. "Na ungeniambia, ningekaa hapa nikala wali mkavu, nikamshika huyu mutoto, nikacheka. Wewe hukunipa hata nafasi ya kukuheshimu."

Jean-Pierre alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Bruno alimgeukia.

"Shemasi, waelezee."

"Mimi nilikwambia chinja," alisema Jean-Pierre. "Sikukwambia udanganye mzazi." Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Subira ndiye aliyekuwa wa mwisho kusema. Alikuwa bado ameshika sahani tupu. "Sikuona," alisema, kama anamweleza mtu mwingine, si Bruno. "Nyama, Mungu atanisamehe, yeye anajua sikuona. Lakini niliuliza. Sasa kila sahani utakayoniletea, mwanangu, nitauliza nini? Na nikiuliza, jibu nitaliamini vipi?" Akanyoosha mkono hewani. "Kasimu, unipeleke kwenu."

Wakambebea mkeka na sanduku. Bruno alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya pikipiki, akamshika miguu. Mama akampapasa kichwa, akamwambia ainuke, mvua inakuja na njia ni mbaya. Hakumlaani. Bruno angependa kulaaniwa, maana laana huombewa ikaondolewa. Huzuni ya kipofu aliyekosa wa kumwamini haina sala yake.

Watu wa kanisa walikula kidogo, wakaondoka mapema. Nyama iliyobaki walipewa mbwa.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na vijana wenye bunduki walikuwa wanazuia watu njiani, kwa hiyo kwenda Kasongo haikuwezekana. Ndivyo Bruno alivyojiambia. Kulikuwa na wiki mbili kavu katikati, na pikipiki zilipita, naye alizitazama zikipita. Aliomba. Aliomba asubuhi na jioni, Mungu amlainishe mama, Mungu amfungulie njia. Alimtegemea Mungu amfanyie kazi ambayo yeye mwenyewe angeifanya kwa safari ya siku moja.

Mwezi wa nne tangu mama aondoke, Yakubu alisimama kwenye ua wa Bruno kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hakukaa. "Wamepiga simu kwa mwanangu," alisema. "Mama yetu amefariki leo alfajiri."

Bruno alipata pikipiki, akasafiri mchana na usiku. Lakini Waislamu hawalazi maiti. Subira alizikwa siku ileile kabla ya jua kuzama. Bruno alifika asubuhi ya pili, akaonyeshwa tuta la udongo mwekundu, bado bichi, lenye alama za viatu vya watu ambao walikuwepo.

Kasimu alimpokea vizuri. Djamila akamwekea chakula, akatoka. Kasimu hakula naye.

"Yaya," Bruno aliuliza, "alisema nini juu yangu?"

"Hakukusema vibaya."

"Alisema nini?"

Kasimu alifikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo. "Alimuulizia Ismaël, kama ameota meno. Alimuulizia Marguerite. Wewe hakukutaja."

Bruno alirudi Wamaza. Shukrani yake ilimgharimu mbuzi dume mmoja na madebe mawili ya mchele. Ilimgharimu mama, miezi minne akiwa hai bila yeye, na mazishi ambapo hakutupa hata konzi moja ya udongo. Ilimgharimu kaka mmoja, ambaye humjibu simu vizuri na hajarudi kukaa uani kwake, na jirani mmoja, anayemsalimu akiwa njiani. Bado huenda kanisani kila Jumapili na hukaa benchi la nyuma. Wengine wakifumba macho, yeye hutazama mikono yake. Tangu kaburini hajaomba. Imepita miaka miwili na miezi saba.