Kulinda, Kutunza

Kikombe cha bati kilikwaruza ndani ya mtungi, chini kabisa. Kwaru. Kikanyamaza, kisha kikakwaruza tena, taratibu, kama mtu anayejaribu kufanya jambo lake bila kumwamsha yeyote. Kalondu aliisikia sauti hiyo kwa sikio la usingizi, akajiambia kwamba basi, maji yameisha, na kukipambazuka itambidi ateremke tena mtoni. Halafu akasikia sauti nyingine, kavu, ya chuma kikiteleza juu ya chuma.

"Nani?" Muthama aliuliza kutoka mlangoni.

Kikombe kikaanguka.

Baadaye Kalondu hakuweza kukumbuka aliondokaje kitandani. Alijikuta tu sakafuni, amepiga magoti juu ya udongo wa baridi, mwili wake umemfunika Ndinda mzima mzima, na mgongo wake ameuelekeza kule mumewe alikokuwa.

"Baba Ndinda, ni mtoto! Mtoto anakunywa maji!"

Muthama alijaribu kuwasha koroboi, kijiti cha kwanza kikazimika, cha pili kikavunjika. Taa ilipokubali, bunduki ilikuwa imelala juu ya mapaja yake, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa kutoka mbali sana.

"Ningejuaje?" alisema. "Nimeita, hakuitika."

"Ana miaka minne. Ameitwa na bunduki, ataitikaje?"

Ndinda hakulia. Alikuwa ameushika ukosi wa gauni la mama yake kwa ngumi zote mbili, na kifua chake kidogo kilipanda na kushuka kama cha ndege aliyenaswa. Kalondu alimsugua mgongo mpaka usingizi ukamchukua tena. Yeye mwenyewe hakulala. Alikaa akiitazama bunduki, akijua kwamba ilikuwa imeingia nyumbani humu kupitia mdomo wake.

Ilianza mwanzoni mwa kiangazi. Pampu ya serikali, ile iliyokuwa ikivuta maji kutoka ardhini karibu na soko, ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia, na akina mama walikuwa wamerudia njia ya bibi zao: kuondoka kabla ya jogoo, kuteremka mtoni, kufukua mchanga mpaka maji yajitokeze, na kusubiri. Lakini wezi wa mifugo nao huona kiu. Alfajiri moja waliwakuta akina mama pale visimani, wakachukua punda pamoja na madebe yaliyokuwa mgongoni. Mke wa Kilonzo alipojaribu kushikilia kamba ya punda wake, walimpiga risasi ya paja. Bado alikuwa amelazwa hospitali ya Mwingi.

Ndipo D.O., mkuu wa tarafa, alipokuja kutoka Kyuso. Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa mpira wa shule. Wanaume walisema yao, na Chifu Nzioka akamtafsiria D.O., kwa kuwa hakuwa mtu wa huku na Kikamba kilimpita masikioni kama upepo. Kisha akasimama Kalunde, mama yake Muthama, shuka begani, fimbo mkononi. D.O. akainua mkono.

"Huyu mama nataka atafsiriwe na mwanamke mwenzake. Kuna anayejua Kiswahili?"

Wanawake wa darasa la ngumbaru, wanaojifunza kusoma jioni ndani ya kanisa, walimsukuma Kalondu mbele kwa viwiko na vicheko. "Si wewe ndiye wa kwanza darasani? Enda!"

Kalunde alisema machache, kwa Kikamba. "Sisi ni watoto wa silikali. Itusuvie."

Na Kalondu, huku kilemba kikimteleza, alimgeukia D.O. akasema kwa Kiswahili chake kipya, neno kwa neno, wazi kama kengele: "Anasema sisi ni watoto wa serikali. Anaomba serikali itulinde."

Makofi yalilipuka. D.O. aliitikia kwa kichwa. "Mama amesema neno. Kulinda raia ndiyo kazi yetu." Siku hiyo Kalondu alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeongezwa kimo. Haukupita muda mrefu lori likaja na bunduki za homugadi, wanakijiji wa kulinda kijiji chao, na moja akakabidhiwa Muthama, kwa sababu alikuwa kijana, hanywi, na anajulikana kanisani.

Kulipopambazuka baada ya kisa cha kikombe, Kalondu aliteremka mtoni na mama mkwe wake. Walifukua mchanga kwa zamu, mmoja ndani ya shimo, mwingine juu. Kalondu alikuwa amekusudia kunyamaza, lakini uchungu ulimzidi.

"Mwaitu," alisema kwa heshima ile ile ambayo angemwita mama yake mzazi, "ile bunduki uliyoiomba, leo karibu imuue mjukuu wako."

Kalunde aliacha kuchota. Uso wake ulichomoza kutoka shimoni, mchanga kwenye nyusi.

"Bunduki? Mimi niliomba bunduki lini?"

"Barazani. Ulisema serikali itulinde."

"Nilisema itusuvie!" Bibi alichapa kibuyu juu ya paja. "Wewe, Mama Ndinda, mtoto mchanga husuviwa kwa bunduki? Mbuzi aliyezaa husuviwa kwa bunduki? Mimi nilikuwa ninaanza tu. Nilikuwa na mashine ya maji mdomoni hapa, na mahindi, na dawa za zahanati. Sasa wewe ukasema, watu wakapiga makofi. Nikajiambia, ehe, huyu mtoto amesoma kweli, amemaliza yote kwa mara moja. Nikakaa."

Kwingine, siku nyingine, wangecheka mpaka washike mbavu. Kalondu alikipokea kibuyu, akakimimina ndani ya debe, na maji yakammwagikia miguuni bila yeye kuona.

Jioni hiyo darasani hakuandika kitu. Mwalimu Mishi alikuwa amezaliwa Mwingi katika familia ya wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, na alikisema Kikamba kama aliyekinyonya. Kalondu alisubiri wenzake watawanyike.

"Mwalimu, kusuvia kwa Kiswahili ni nini?"

Mishi alifuta chaki vidoleni. "Inategemea nani anasuvia nani. Nyinyi Wakamba mna neno moja, Kiswahili kimeligawa. Kuna kulinda. Anayekulinda amekupa mgongo, macho yake yako kwa adui. Halafu kuna kutunza. Anayekutunza amekugeukia, anakuangalia wewe: umekula, hujala, unaumwa wapi." Alimtazama. "Kwa nini? Umeandika barua?"

"Hapana, mwalimu. Nimeongea tu."

Njiani kurudi alihisi kama amevaa kiatu chenye kokoto. Alifikiri juu ya Muthama, ambaye tangu bunduki ije hulala amekalia kigoda, ameegemea ukuta, uso kwa mlango. Alifikiri juu ya homugadi wa kijiji jirani aliyeuawa mlangoni pake juma lililopita. Wauaji hawakugusa mbuzi wake hata mmoja. Walichukua bunduki, wakaenda zao. Basi sasa nani alikuwa akimlinda nani? Bunduki ilikuwa imekuja iwafukuze wezi, na sasa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwaita.

"D.O. anakuja Alhamisi kuzikagua," alimwambia mumewe walipokuwa wakila. "Nataka niseme kwamba nilikosea. Mama hakuomba bunduki. Aliomba pampu itengenezwe, tusiende mtoni gizani."

Muthama alitafuna polepole. "Na mimi je?"

"Wewe urudishe hiyo."

"Mbele ya watu?"

"Baba Ndinda, walimwua mwenzako kwa ajili yake tu."

"Sikia." Aliisukuma sahani. "Kabla ya hii, mimi nilikuwa nani? Ndengu zangu zilikauka, nikapanga foleni ya mwolyo na gunia langu kwapani, nikisubiri mahindi ya msaada pamoja na wazee na wajane. Mtu mzima! Leo nikipita sokoni, hata mfugaji kama Mutunga ananiita afande. Na wale wezi, tangu tuanze kupiga doria, umewaona tena mtoni? Umewaona?"

Hakuwa amewaona. Huo ulikuwa ukweli, na ndio uliomkosesha raha zaidi, kwa sababu angependa hoja yake iwe laini, isiyo na miiba. Kila alfajiri alipoinama ndani ya shimo la mchanga, ilikuwa faraja kujua kwamba mahali fulani kati ya vichaka yuko mwanamume mwenye silaha, na mwanamume huyo ni wake. Alikuwa amechoshwa na faraja hiyo. Alitaka asiihitaji.

"Ukisimama," Muthama alisema bila kumwangalia, "utakuwa umenivua nguo."

Alhamisi uwanja ulijaa. Homugadi walipangwa mstari mmoja mbele ya goli, bunduki mabegani, na D.O. akapita akizikagua moja baada ya nyingine. Ndinda alisimama karibu na mama yake, akichora mstari vumbini kwa kidole cha mguu. D.O. alisema amefurahi, amani imerudi, na serikali italeta bunduki nyingine zaidi. Wanaume wakashangilia. Chifu Nzioka akauliza kama kuna neno la mwisho, kwa sauti ya mtu ambaye tayari ameshafunga mlango.

Kalondu alisimama.

"Bwana D.O., mimi ndiye niliyetafsiri siku ile. Nilitafsiri vibaya. Mama yetu alisema itusuvie. Nikasema itulinde. Lakini alikuwa anasema itutunze. Sisi tulikutana na wezi mtoni kwa sababu pampu imeharibika. Pampu ikifufuka, hatutakuwa mtoni gizani, na hawa baba zetu hawatahitaji kulala wamekaa. Usiku wa Jumatatu nusura bunduki ya serikali imuue mtoto wangu. Alikuwa anatafuta maji ya kunywa."

Watu walipiga mbinja. Muthama, pale mstarini, alikaza macho kwenye kitu kilicho mbali sana nyuma ya shule.

"Aa, ngumbaru!" Mutunga alisema kwa nguvu kutoka kwa wanaume. "Tumewapeleka wakasome, sasa wanataka kutusomesha. Mama Ndinda, hiyo pampu yako ikifufuka, wale watu hawatakuja kunywa hapo sokoni? Maji bila bunduki si ni kuwachotea wezi? Mimi ng'ombe wangu walipochukuliwa, niliwafukuza wezi kwa mshale. Mshale! Niacheni nijikinge kama mwanamume."

Wengi walicheka, wengine wakaitikia, na Kalondu alijua kwamba Mutunga alikuwa akisema la kweli pia.

"Jikinge, baba," Kalunde alisema akiwa ameketi, kwa Kikamba, "lakini ukishajikinga utakunywa nini? Risasi?"

Safari hii kicheko kilikuwa cha akina mama. Kalondu aliyatafsiri maneno hayo pole pole, akihakikisha hakuna lililobaki nyuma, na D.O. hakucheka. Alivua kofia yake, akaufuta utepe wa ndani kwa leso, akaivaa tena. Alipoongea, alionekana mdogo kuliko alivyokuwa dakika chache zilizopita.

"Mama," alisema, "nitakwambia ukweli. Nikiomba bunduki, napewa. Zinakuja kwa lori. Pampu nimeiomba tangu nilipofika hapa, na mpaka leo sijajibiwa. Nawapa nilichonacho. Lakini sitamlazimisha mtu. Kama kuna homugadi ambaye bunduki imemshinda, au nyumba yake imeikataa, aje hapa mbele aiweke. Hataulizwa neno. Na mimi pampu nitaiomba tena."

Hakuna aliyesogea. Upepo uliinua vumbi kwenye duara la katikati ya uwanja. Kalondu alisubiri mumewe amtazame, angalau kwa hasira, lakini Muthama alisimama vile vile, kidole gumba kikipanda na kushuka kwenye mkanda wa bunduki, shingo imetoka mishipa. Mutunga alikuwa akimwangalia. Chifu alikuwa akimwangalia. Mama yake alikuwa akiangalia chini. Kalondu alitaka kumwambia kwamba haijalishi, kwamba aibebe tu, kwamba yeye ndiye aliyewaleta wote hapa kwa neno moja na hana haki ya kumdai kitu. Alitaka pia amwendee aing'oe begani kwa mikono yake. Akabaki amesimama katikati ya matakwa hayo mawili.

Hata hakuhisi Ndinda alipomwacha. Alimwona tayari yuko katikati ya uwanja, peku, gauni limeshuka bega moja, akikata ule mwanya mtupu uliokuwa kati ya watu na mstari wa bunduki. Mtu mmoja alisema "shhh, rudi", lakini mtoto hakugeuka. Alifika kwa baba yake, akasimama mbele ya viatu vyake, akainua mikono yote miwili juu kabisa.

"Baba, nimechoka, nibebe."