Gata za Mianzi

Tekla hakuwa mtu wa kuibembeleza mvua. Masika yalikuwa ukingoni, naye alitaka tangi la kikundi lijae, basi. Parokia ilikuwa imewapa majirani wa Kihesa kiwanja cha kulima nyanya ndani ya kitalu nyumba, kwa sharti moja: kiangazi kipite na nyanya zitoke, la sivyo kiwanja kinarudi. Na bomba la mtaani lilikuwa na tabia zake. Lilitoa maji lilipojisikia.

Ramani aliichora mwenyewe, kwa kijiti, mavumbini. Maji ya paa la nailoni yapokewe na gata pande zote mbili, yachujwe kwa kitambaa, yaingie kwenye tangi juu ya msingi wa mawe, kisha yashuke yenyewe kwenye mipira yenye vitundu, tone kwa tone, kila shina na tone lake. Zilizokosekana ni gata tu. Crispin, mwenzao mwenye shamba la mianzi na maneno mengi, akasema bati la nini wakati yeye yupo? Akakata mianzi michanga, ile inayopasuka bila ubishi, na msimu wa kugema ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulikuwa umepamba moto. Wakaipasua, wakaifunga huku wakiimba, na Tekla aliimba kuliko wote.

Mvua ikanyesha, tangi likajaa, watu wakapeana mikono. Haikupita wiki, miche ikaanza kunyauka.

Tekla alichomoa mpira mmoja akaukamua. Ukatoka ute mzito, unanuka ulanzi wa jana. Juu, kwenye gata, sisimizi walikuwa wamejipanga kama wako harusini. Uso ulimwaka kwa aibu. Baba yake alikuwa mgema, ulanzi ndio uliomsomesha, na bado alisahau kwamba mwanzi mchanga wa masika umejaa maji matamu, na kitamu kikikaa huchacha. Mhehe gani huyo asiyeujua ulanzi?

Wenzake walicheka wakasema nyanya zimelewa. Crispin hakucheka. Alishauri mianzi ilowekwe mtoni mpaka utamu uishe, wasubiri mvua za mwaka ujao, subira yavuta heri. Tekla alimjibu kwamba subira ni ya mwenye kiwanja chake, akaenda kushika koki ya tangi.

"Mama Blandina," Crispin alimwambia Tekla, "mvua zimebaki kidogo. Ukimwaga haya tukakosa mengine?"

"Haya siyo maji tena, kaka. Ni pombe."

Akafungua. Aliogopa, tena sana. Aliishikilia koki mpaka tone la mwisho. Kisha akawaambia wazing'oe gata zote za mianzi, walisugue tangi na kuzibua vitundu kwa sindano, akaondoka bila kuaga. Alikwenda nyumbani kwake, akaegemeza ngazi ukutani, akaanza kung'oa gata za bati za nyumba yake. Jioni zilikuwa zimefungwa kwenye kitalu. Zilitosha upande mmoja tu.

Mvua ilirudi keshokutwa yake, mchana. Tekla alisimama mlangoni kwake akitazama maji yakimwagika ovyo kutoka kwenye bati, yakichimba ua na kukimbilia mtaroni, na pipa lake limekaa tupu. Blandina, binti yake, alishindwa kuvumilia, akauliza wao watakunywa nini kiangazi chote.

"Sisi tuna miguu," Tekla alisema. "Tutayafuata yalipo. Nyanya zitayafuata kwa miguu ipi?"

Roho ilimuuma hata hivyo. Akajitanda kitenge, akatoka kwenye mvua kwenda kuona kama tangi linapokea.

Lilikuwa linapokea. Na ule upande mwingine, uliokuwa ukimwaga maji bure, Crispin alikuwa juu ya ngazi, ameloa chapachapa, anapigilia gata kuukuu za bati, zimepakwa rangi ya kijani ya nyumba yake. Hakugeuka kumtazama.

"Nishikie ngazi, mama Blandina," alisema. "Inateleza."

Tekla akaishika kwa mikono miwili.