Mkojo wa Ng'ombe Mbele ya Askofu

Karwirwa alifungua mtungi, akainama, akanusa. Hakusikia kitu. Akanusa tena, na hapo damu ikaanza kumchemka, kwa sababu mkojo wa ng'ombe haukosi kunuka hata ukiombewa.

Mtungi aliujaza mwenyewe jana, kule Embu, kwenye maabara ya chuo anakofundisha kemia. Sasa walikuwa Nkubu, katika uwanja wa ushirika wa wafugaji. Wakulima walijaa chini ya hema, na askofu, aliyealikwa kuwabariki ng'ombe dume na jike wapya wa ushirika, alikaa mbele kabisa kwenye kochi.

"Principal," alimnong'oneza Mwaniki, mkuu wa chuo, "mkojo uko wapi?"

"Nilimwaga. Nikaweka maji safi ya mfereji." Mwaniki alinyoosha tai yake. "Madam, Bishop ameketi hapo. Unataka anuse mkojo? Hiyo ni kumkosea mgeni heshima. Si maji ni maji?"

Si maji ni maji! Miaka mitatu mwanamke huyu alihangaikia kichocheo cha nikeli. Kupasua maji ili kupata gesi ya haidrojeni hula umeme mwingi, lakini yurea iliyomo mkojoni huvunjika kwa umeme kidogo, mradi ikutane na kichocheo kinachofaa. Nikeli tupu ilichoka mapema. Nikeli na chuma ikabambuka. Mwishowe nikeli na kobalti, iliyookwa ikawa unga mweusi, ikashika vizuri kwenye vibao vyake vya kupitishia umeme, na betri moja ya tochi ikatosha kutoa gesi. Kwa maji matupu, betri hiyo haifui dafu.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Chuo kilikuwa kimeamua kugeuza maabara yake kuwa ofisi. Wafugaji walikuwa na banda tupu, na wakiona mapovu ya gesi wangempa aendelee humo. Wasipoyaona, vibao vyake vinatupwa stoo.

Kabla Karwirwa hajasema neno, Mwaniki alimimina maji yake kwenye bakuli la kioo lenye vibao, akaunganisha betri, akachukua kipaza sauti na kuwaambia watu watazame maajabu. Watu wakatazama. Bakuli la kioo likatulia tuli. Mzee mmoja akapiga miayo, na vicheko vikaanza nyuma.

"Ah, Madam Karwirwa atatueleza ni nini imeenda wrong," Mwaniki alisema, akarudi nyuma hatua mbili.

Mtu anaharibu kazi yako, kisha anakuachia aibu yake uibebe! Karwirwa alichukua beseni, akamwendea yule ng'ombe jike aliyefungwa ubavuni mwa hema na utepe mwekundu shingoni, akachuchumaa nyuma yake na gauni lake la kanisani, akaanza kumsugua polepole chini ya mkia, kama anavyojua msichana yeyote aliyekulia penye ng'ombe wa zizini.

"Ngai! Mungu wangu!" mwanamke mmoja aliguta. "Mbele ya Bishop?"

Ng'ombe akainua mkia. Mkojo ukamwagika kwa kishindo beseni likajaa, ukamlowesha mikono hadi viwikoni.

Akarudi mezani akinuka. Akamwaga maji ya Mwaniki, akamimina mkojo, akatia dawa kali ya kuufanya upitishe umeme, akaunganisha ile ile betri. Kibao kimoja kikatoa mapovu madogo mengi. Akayakusanya kwenye chupa iliyofudikizwa, akaisogezea kiberiti. Pa!

Askofu aliruka, kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Kagwiria, mwenyekiti wa ushirika, hakungoja kikao. "Banda ni yako, dada. Hata leo."

Makofi yakalipuka. Mwenye kamera akasogea, na Mwaniki naye, meno nje, mkono mbele. "Sisi kama chuo tulijua kwamba..."

Karwirwa aliupokea mkono huo kwa mikono yake yote miwili, iliyolowa, akaubana. Mwaniki akajaribu kuutoa. Haukutoka. Mkojo ulimtiririkia ndani ya mkono wa shati jeupe.

"Madam, niachilie. Bishop anaangalia."

"Najua," alisema Karwirwa, akakaza zaidi. "Tabasamu."