Mokua Hakuwa Dereva

Nimechoka kuwaeleza watu wa Nyaramba kwamba si kila mtu wa reli ni dereva. Kaunti yetu ya Nyamira haina hata futi moja ya reli, kwa hiyo ukisema ulifanya kazi ya reli wanakuuliza tu, "Uliendesha mpaka Mombasa?" Hata mama mkwe aliniuliza. Nilimjibu mara tatu, mara ya nne nikachukua kofia nikatoka.

Siku moja kabla ya mazishi ya rafiki yangu Mokua, binti yake Lavender, mwalimu mjini Kisii, aliniletea historia ya marehemu ili niisome kaburini. Mstari wa pili ulisema: Alikuwa dereva wa treni kwa miaka thelathini.

"Futa," nikamwambia.

"Tata," akasema, yaani baba kwa Kigusii, "imeshachapishwa. Nakala mia tatu."

"Basi mmechapisha uongo mara mia tatu."

Mimi na Mokua tulikuwa mafundi katika karakana ya vichwa vya treni, kule upande wa ziwa. Kichwa kikiharibika kilivutwa hadi yadini, kikaegeshwa juu ya shimo, nasi tukaingia chini yake na spana. Tulianza na vya mvuke. Vya dizeli vilipokuja tulijifunza kazi upya, watu wazima wenye watoto. Halafu kazi ikapungua, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, na mara ya mwisho nilipopita pale mashimo yalikuwa yamejaa maji na vyura. Zamu yetu ilikuwa na mafundi kumi na wanane. Nimebaki mimi. Nikiusoma mstari ule, karakana nzima inazikwa pamoja na Mokua.

"Lakini ni Baba mwenyewe alituambia," Lavender akasema. "Alikuwa anatuonyesha vile anavuta honi."

Hapo nikamkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Mtu anatengeneza breki zinazowafikisha madereva salama, kisha anaona haya kusema yeye ni fundi?

Nikaenda moja kwa moja jikoni kwa mjane wake, Kwamboka, nikamwaga hasira zangu zote mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Yeye akaendelea kumenya.

"Baba Linda," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu, "nimefua ovaroli zake miaka thelathini. Grisi ilikuwa mgongoni. Dereva analalia mgongo?"

"Kumbe ulijua?"

"Kutoka mwezi wa kwanza wa kumfulia."

"Na hukumuuliza?"

"Ningemuuliza, angeacha kuvuta honi. Hiyo ndiyo saa alikuwa anacheka na watoto."

Nikamwonyesha ile karatasi ya Lavender.

"Sasa kesho nisome nini?"

Akaweka kisu chini. "Sasa amelala, hawezi kuona haya tena. Soma fundi. Hiyo grisi ilikuwa haitoki bila mafuta ya taa, na mafuta ya taa ilinichubua mikono. Hakuna mtu amewahi kuniuliza nilikuwa nafua nini."

Kesho yake nikasimama mbele ya watu walioshika karatasi zilizoandikwa dereva, nikasoma: "Alikuwa fundi wa vichwa vya treni kwa miaka thelathini, na grisi yake ilifuliwa na mkewe, Kwamboka."

Minong'ono ikaanza. Lavender hakunitazama mimi. Alichukua mikono ya mamake, akaigeuza, akaiangalia.